Maswali Nyuma ya Pazia

Nusra alijua ni Idris kabla hajapiga hodi. Alimjua kwa kikohozi chake, kile kifupi cha mtu anayeomba radhi kwa kosa ambalo bado hajalifanya. Moyo ukamruka. Akaukemea hapo hapo, akajikumbusha kwamba mwanamke aliye edani hana ruhusa ya moyo wa kurukaruka. Kisha, bila kujiuliza kwa nini, akausogeza mkeka wake karibu zaidi na pazia.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mwanangu, karibu," aliitikia Bi Mwanamkuu kutoka barazani.

"Shikamoo, mama. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa, mapenzi ya Mungu. Keti hapo kwenye mbuzi ya nazi, viti vyote vimeazimwa. Na hiyo kompyuta yako iweke juu ya kinu, nimekigeuza makusudi."

Bi Mwanamkuu alikuwa mama mkwe wa Nusra. Mwanawe Shehe, mume wa Nusra, alifariki baada ya Ramadhani kwa maradhi ya figo, na tangu siku ile Nusra alikuwa ndani ya nyumba hii ya kijijini Munje, amevaa nguo nyeupe, hana mafuta mazuri wala wanja. Hayo aliyakubali bila kunung'unika. Shehe alikuwa mtu mwema, na machozi aliyomlilia yalikuwa ya kweli. Lililokuwa gumu ni sheria moja ya Bi Mwanamkuu, aliyoirithi kwa mama yake: mwenye eda haonekani na mwanamume wa kando, na hata sauti yake haisikiki. Maalim wa msikitini alimweleza kwamba mazungumzo ya haja hayana ubaya. Bi Mwanamkuu akamjibu kwamba maalim ana chuo chake na yeye ana nyumba yake.

Na haja ilikuwepo, tena kubwa. Serikali ya kaunti ilitangaza kazi za wauguzi, na maombi yalikuwa yanafungwa jioni ile. Nusra alikuwa na stashahada ya uuguzi iliyolala sandukuni miaka. Alishaomba kila nafasi iliyotangazwa, hakuitwa hata mara moja. Lakini zamani alikuwa akiomba kwa kutamani, na sasa aliomba kwa kuhitaji. Eda ikimalizika bila kazi, kaka zake wangekuja na boti kumrudisha Mkwiro kwa baba yake, akae kule kisiwani mpaka atokee mtu wa kumwoa, yeyote yule, na yeye asiwe na la kusema.

Cha ajabu ni kwamba Bi Mwanamkuu mwenyewe ndiye aliyelivalia njuga jambo hili. "Si wanataka wauguzi?" aliuliza asubuhi. "Na zahanati si ile pale nyuma ya msikiti? Utatoka hapa asubuhi, utarudi adhuhuri tule." Akachukua simu, akampigia yule kijana wa Msambweni ambaye duka lake la kompyuta hujaa watu kila kaunti inapotangaza kazi. Hakujua kwamba Nusra alishakaa kwenye duka lile mara nyingi kabla hajaolewa, na kwamba kila mara kiti cha karibu na feni kilikuwa wazi kumsubiri yeye.

"Mtandao unashika vizuri hapa," alisema Idris. "Tuanze, mama? Nitauliza kwa Kiswahili, nitaandika kwa Kiingereza chao. Jina kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho."

Bi Mwanamkuu akageuka kulielekea pazia. Pazia lenyewe lilikuwa mkono mmoja kutoka begani kwake, na Idris hakuuliza kwa kunong'ona.

"Anauliza jina kamili."

"Nusra Bakari Mwinyi," alinong'ona Nusra.

"Anasema Nusra Bakari Mwinyi."

"Nusra," alirudia Idris polepole, "Bakari. Mwinyi."

Ilikuwa zaidi ya miaka miwili hajalisikia jina lake kinywani mwa mtu huyu. Kati ya pazia na mwimo wa mlango palikuwa na upenyo mwembamba, na Nusra akaweka jicho. Aliona mikono yake ikitembea juu ya kompyuta, na mguu mmoja uliovuliwa kandambili kwa heshima ya baraza. Uso hakuuona. Akajiambia mikono inatosha, wala hakuiamini kauli yake.

Wakaenda hivyo, swali kwa swali. Wadi anayotoka, chuo alichosoma, mwaka aliohitimu. Idris anauliza, Bi Mwanamkuu anageuka na kuuliza yaleyale, Nusra ananong'ona, Bi Mwanamkuu anatangaza jibu ambalo Idris ameshalisikia na pengine ameshaliandika nusu. Hakuna aliyecheka. Adabu ilitaka wote watatu wawe viziwi, nao wakawa viziwi barabara.

"Ana ulemavu wowote?"

"Mungu apishe mbali!" alijibu Bi Mwanamkuu bila kugeuka. "Mkwe wangu mzima kabisa, ana ulemavu gani?"

"Lazima niulize, mama. Ndivyo walivyoandika. Na je, amewahi kushtakiwa au kufungwa?"

"Amefungwa humu ndani tangu mfungo uishe. Na mimi ndiye askari jela. Andika hivyo."

Nyuma ya pazia Nusra alijiziba mdomo kwa kiganja. Alikisikia kicheko cha Idris kikitoka puani, kikazuiwa, na ile sauti ndogo ikamwingia mwilini mwote. Alikuwa hajacheka siku nyingi.

"Referii watatu," aliendelea Idris. "Watu wa kumsemea, wasiwe jamaa zake." Majina matatu yakapita pazia kama yale mengine. "Na swali linalofuata nimeshalijaza, tunaweza kuliruka."

"Swali gani hilo lisiloulizwa?"

"Ni dogo tu, mama."

"Basi kama ni dogo liulize."

Idris aliinamia kompyuta yake. "Wanauliza hali ya ndoa," alisema, na sauti yake ilishuka.

Nusra alielewa kwa nini alitaka kuliruka. Hakutaka yeye alitamke lile neno. Kwa miezi yote hii watu walimwita mwenye eda, mfiwa, maskini wa Mungu. Neno lenyewe lilikuwa halijatoka kinywani mwake, na mtu pekee aliyefikiri kumpunguzia ni huyu aliyekaa juu ya mbuzi ya nazi.

"Mwambie aandike mjane," alisema taratibu. "Ndivyo nilivyo."

Bi Mwanamkuu hakulipeleka jibu hilo. Aliinua ncha ya leso yake akajifuta jicho, na Idris akaandika bila kungoja kuambiwa.

Hapo ndipo Mwero alipoingia uani. Mwero alikuwa mwana mkubwa wa Bi Mwanamkuu, kaka wa marehemu, na nyumba ile ilikuwa mali yake. Alikuwa ametoka kuswali alasiri, kofia bado kichwani, akasimama akiitazama kompyuta iliyo juu ya kinu.

"Mama, kuna nini? Nyumba ina eda, na barazani amekaa mwanamume na mashine?"

"Shemeji yako anaombewa kazi."

"Kazi? Kaburi la ndugu yangu hata nyasi halijaota!"

Idris alisimama. "As-salaam alaykum, kaka. Pole na msiba."

Mwero aliitikia salamu kwa sababu salamu huitikiwa. Kisha akakunja macho. "Wewe nakujua. Si wewe uliyemtuma mjomba wako Mkwiro kuposa, akafika akakuta sisi tumeshapokewa posa yetu?"

Nusra aliushika ukuta.

Hakuwahi kuambiwa. Baba yake hakumwambia, mama yake hakumwambia, na Idris ndiyo kabisa. Akakikumbuka kiti cha karibu na feni. Akakumbuka jinsi Idris alivyokuwa akisema "safari hii watakuita" kila mara, na jinsi alivyoonekana kuumia kuliko yeye mwenyewe kila mara asipoitwa. Miaka yote alidhani ni ukarimu wa mwenye duka. Ee, Nusra, akajiambia, vitabu vyote vile vya mishipa na damu ulivyosoma, na hili lilikupita mbele ya pua! Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Akaona haya mbele ya nguo zake nyeupe, akamsomea Shehe Fatiha kimoyomoyo, na moyo ukatulia kidogo lakini haukurudi mahali pake.

"Ndiye mimi, kaka," Idris alikuwa akisema. "Na tangu siku ile sijamtuma mtu tena. Leo nimeitwa na mama kwa kazi, nami nimekuja kwa kazi. Mipaka ya eda naijua."

"Unaijua, lakini umekuja."

"Mwero," alisema Bi Mwanamkuu.

"Mama, watu watasema nini?"

"Watasema Mwanamkuu ameita kijana kwa simu yake mwenyewe, akamkalisha mchana kweupe, akakaa katikati. Chakula chako kimefunikwa jikoni."

"Lakini, mama..."

"Aliyekufa nilimzaa mimi. Siku msiba wangu ukivunjiwa heshima, nitakuita mimi mwenyewe na utakuja na fimbo. Leo nenda kale."

Mwero akageuka, akazunguka nyumba kwenda jikoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amempenda ndugu yake na hakujua pa kuyaweka mapenzi hayo.

Bi Mwanamkuu alimtazama Idris kwa muda, tangu kichwani hadi kwenye ule mguu mtupu. Alikuwa amejifunza jambo, na hakuwa na haraka ya kulisema. "Keti," akaagiza. "Maliza maswali yako."

"Limebaki moja, mama." Idris alikohoa. "Wanauliza kama yuko tayari kufanya kazi kituo chochote ndani ya kaunti. Kuna majibu mawili. La kwanza ni ndiyo, popote. La pili ni hapana, halafu anataja kituo anachotaka."

"Hilo si swali. Hapa Munje, nyuma ya msikiti."

"Mama, niruhusu niseme ninavyoona." "Tangazo limetaja vituo vyenye upungufu, na vingi viko huko juu, bara. Kinango, Samburu, Mackinnon Road. Huku pwani nafasi ni haba na waombaji ni wengi. Anayejibu popote ana nafasi kubwa zaidi ya kuitwa. Ni haki yake ajue hivyo kabla hajajibu."

Nusra alikuwa na jicho kwenye upenyo. Alimwona akiikunja mikono yake magotini, akaelewa. Huyu mtu duka lake liko Msambweni, mwendo mfupi tu kutoka msikiti huu. Alikuwa amefungua mdomo wake mwenyewe kumwonyesha njia ya kwenda mbali naye.

"Popote," alisema Nusra, na safari hii hakunong'ona. "Mwambie popote."

Bi Mwanamkuu hakugeuka. Alikuwa ameukazia macho mpapai uliokuwa uani. Vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua pindo la leso.

"Anasema hapa tu," akatangaza.

Mikono ya Idris ilisimama hewani.

Mkwe hakanushwi mbele ya mgeni, hilo Nusra alilinywa na maziwa ya mama yake. Angeweza kupiga kelele, na jibu lake lingeandikwa, na huyu mama aliyemwosha miguu usiku ule wa kifo angeonekana mwongo mbele ya kijana wa watu. Hakuweza. Basi jibu lilikuwa limeshaingia mikononi mwa Idris, na Idris naye alikuwa na kila sababu ya kuandika alichoambiwa. Angekuwa ametii mkubwa. Nusra angebaki Munje kama angeitwa, na asipoitwa, nani angemlaumu mwandishi?

Idris aliinua kichwa akalitazama pazia. Kwa mara ya kwanza alasiri ile Nusra aliuona uso wake. Ulikuwa umekonda. Macho yalitua palepale penye upenyo, yakakutana na jicho lake, na hakuna aliyekwepa. Lilikuwa jambo la kitambo kifupi, nalo lilimtosha Nusra kujua kwamba yule mjomba hakutumwa Mkwiro kwa mzaha.

Kisha Idris akainama, akaandika. Akabonyeza mara moja, akangoja.

"Imepokelewa," alisema.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwanamkuu. "Umeandika hapa?"

"Hapana, mama. Nimeandika popote."

Kuku walikuwa wakiparua chini ya mpapai. Kutoka jikoni ilisikika sahani ya Mwero.

"Mimi nilikwambia nini?"

"Uliniambia hapa. Naomba radhi, mama, sijawahi kumkaidi mtu wa makamo yako." Idris alikuwa ameshuka kwenye mbuzi, amechutama chini kabisa. "Lakini nilimsikia mwenyewe. Ombi ni lake na jina lililo juu ni lake. Na mimi pia nilitamani kuandika hapa. Kwa hiyo nikauogopa mkono wangu."

Bi Mwanamkuu alimwelewa. Mtu yeyote angemwelewa. Lakini hilo aliliweka kando kwanza, kwa sababu machozi yalikuwa yameshamfika.

"Shehe ameniachia mtu mmoja," alisema. "Mmoja tu. Mwero ana mke na watoto na shughuli zake. Anayenipikia chai nikaweza kuinywa ni huyu. Anayeniamsha alfajiri ni huyu. Nikadhani akipata kazi hapa nyuma, kaka zake hawatakuwa na sababu ya kumchukua, atabaki kwangu. Nawe umempeleka Mackinnon Road, kwenye vumbi na malori!"

"Mama."

Ilikuwa sauti ya Nusra, kamili, isiyopita kwa mtu. Bi Mwanamkuu alishtuka akaliangalia pazia.

"Mama, mimi nimesema popote. Sikusema peke yangu."

"Una maana gani?"

"Nani kakwambia nitakwenda bila wewe? Nikiitwa na kupewa kituo, nitapanga nyumba, na wewe utakaa humo. Nilikuwa nangoja eda iishe nikuombe kwa adabu. Kaka zangu hawawezi kuninyang'anya kwako nikiwa na kazi yangu na nyumba yangu. Hapa Munje nyumba ni ya Mwero. Wakija hapa, nitawaambia nini?"

Bi Mwanamkuu alijifuta uso wote kwa leso, akapenga.

"Huko bara mimi nitakula nini? Hata samaki hakuna."

"Tutakula mbuzi."

"Mbuzi ananuka."

"Nitamtia tangawizi nyingi, mama, usimsikie."

Bi Mwanamkuu akacheka. Kicheko kilimtoka na machozi, kikamtikisa mabega, na alipomaliza akapiga pazia kwa kiganja. "Basi nyamaza wewe! Sauti yako imeshasikika hadi barabarani. Sijui nitamwambia nini mama yangu huko aliko."

Idris alikuwa ameifunga kompyuta yake na kuitia kwenye mkoba wake wa mgongoni. Alisimama kuaga. Bi Mwanamkuu alimwacha afike hatua ya mwisho ya baraza.

"Hebu nikuulize, mwanangu. Huko Mackinnon Road, watu wanaomba kazi za serikali?"

"Wanaomba, mama. Kila mahali wanaomba."

"Nani anawajazia?"

Idris aligeuka. "Nasikia wengi hushuka hadi Mariakani."

"Si mbali hivyo?"

"Ni mbali, mama."

"Basi wanapata taabu, maskini. Kukiwa na mtu mwaminifu akafungua duka pale pale, si atapata thawabu?" Bi Mwanamkuu aliichukua ile mbuzi ya nazi, akaanza kuikung'uta. "Mimi sijasema neno. Nyumba ina eda. Nauliza tu habari za safari."

"Nami nimejibu tu ulichouliza, mama," alisema Idris. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa kitu kikubwa akaambiwa akibebe kimyakimya. "Kwaherini."

Hakulitazama pazia. Alivaa kandambili zake, akavuka ua. Nusra alizisikiliza hatua zake mpaka pikipiki ilipowaka na mlio wake ukapotelea upande wa Msambweni. Akagundua kwamba alikuwa amelishika pazia kwa mikono yote miwili. Alikuwa na furaha. Lilimtisha neno hilo, lakini hakuna jingine lililofaa, na akaliacha likae.

Bi Mwanamkuu aliingia, akaketi kwenye mkeka kando yake, magoti yakilia.

"Wewe mwana, huko kuna msikiti?"

"Upo, mama. Mkubwa, karibu na reli."

"Na maji?"

"Tutanunua tanki."

"Hata kuitwa bado, tumeshanunua tanki," alinung'unika Bi Mwanamkuu. Alikaa akifikiri. "Ukitafuta nyumba, tafuta ya vyumba viwili."

"Vya nini, mama? Sisi tuko wawili tu, chumba kimoja kinatutosha."

Bi Mwanamkuu aliunyoosha mkono, akalirekebisha shela jeupe lililomteleza mkwe wake kichwani, taratibu, kama anavyofanya mama kwa bintiye.

"Kwa leo," alisema.